Kifuniko cha Pikapu Kilichomngoja Sula

Asiyetaka kuamini aje Kyebando, hapa Kampala, nitamwonyesha pikapu yenyewe. Imeegeshwa nje ya nyumba yangu, na kifuniko chake atakishika kwa mikono yake. Haya sikusimuliwa na mtu. Nilikuwepo, jua la mchana likiniwakia kichwani.

Mimi ni mpishi wa sherehe. Pikapu ndiyo inayobeba sufuria zangu, na nyuma ina kifuniko kigumu kinachoinuliwa na shokapu mbili za gesi, vyuma vyembamba kama pampu ya baiskeli. Zikichoka, kifuniko hakikai juu. Changu kilianza kuanguka asubuhi za baridi, kisha kikawa kinaanguka saa zote, nami nakiegemeza kwa mwiko wa kusongea posho, ugali wetu. Siku mwiko ulipoteleza kikanigonga kisogoni, nikasema basi, naenda Kisenyi, kwenye gereji na vipuri vya mtumba.

Huko kulikuwa na fundi, nitamwita Sula, mtu wa maneno matamu. Alinionyesha mafuta yaliyovuja kwenye shokapu, akaifungua, akaisimamisha chini na kuikandamiza kwa kiganja. Ikazama, haikurudi.

"Gesi imeisha, mama. Hii imekufa."

Akaniambia pia kwamba aliyezifunga mwanzo alizigeuza, ncha nyembamba juu, ndiyo maana mpira wa ndani ulikauka. Simkatalii, kazi aliijua. Akaleta nyingine za mtumba, akasema zimetoka Japani, akazifunga.

Sasa sikiliza. Mimi nikiinua kifuniko, kinakaa. Sula akisogea, kinashuka. Alikagua vishikio, akakaza nati, akarudi nyuma: kikainuka. Akasogea: kikashuka. Mwanzoni alicheka, halafu akaacha kucheka. Adhana ya Ijumaa ilipoita, akaniomba nimsubiri, akaondoka haraka kuliko mtu anayewahi kuswali.

Anayeijua Kisenyi anaijua saa ya Juma, swala ya Ijumaa. Nyundo zinanyamaza, milango ya maduka inavutwa, unasikia hata kuku wanavyoparua. Nilikaa peke yangu kwenye tairi kuukuu.

Akaja mwanamume wa makamo, mrefu, amevaa koti la jeshi lililofifia. Koti lilikuwa linachuruzika maji, na mvua tulikuwa tumeisahau. Baba yangu alikuwa askari, nimekulia kambini, kwa hiyo nikamsalimu kijeshi, "Jambo, afande." Alipitisha kidole kwenye shokapu, kikasimama mahali fulani.

"Hapa nilichora namba ya gari yangu," alisema. "Mimi mwenyewe, na msumari. Wamepiga tupa."

Kwetu Kampala mwenye gari huchora namba yake kwenye vioo, kwenye taa, kwenye chochote ambacho mwizi anaweza kukifungua. Nikapapasa alipopaonyesha. Kweli, chuma kilikuwa kimelainishwa kwa tupa, kikapakwa rangi nyeusi juu. Nikauliza ni nani aliyefanya hivyo.

"Yeye iko msikitini. Akirudi, wewe usiweke mkono ndani."

Akapanda nyuma ya pikapu, akalala chali, na kifuniko kikamfunika. Nilikiinua papo hapo. Niamini, mle ndani kulikuwa na maji na majani ya mafunjo, basi.

Wewe ungekimbia, sivyo? Mimi hofu ilinijia ikakuta hasira imeshakaa. Kaka yangu aliendesha boda. Waliomuua walimwacha mtaroni wakaondoka na pikipiki, na hadi leo hatujui vipande vyake viliuzwa duka gani. Mama yetu alikufa akiuliza. Mimi sipiti Kisenyi bila kutazama kila tangi la pikipiki lililopakwa rangi mpya. Nikarudi kwenye tairi langu, nikamsubiri Sula.

Alirudi na kanzu yake nyeupe. Nikamwuliza shokapu hizi ni za nani. Akasema za Japani. Nikamwuliza mbona zina tupa. Akasema ni kutu. Nikamwambia azifungue basi, tukwangue rangi tuone. Alitazama huku na huku, akapandisha mkono wa kanzu, akauingiza ndani kufungua nati. Nilijua. Sikusema neno, na sijuti.

Kifuniko hakikuanguka. Kilishuka polepole, kikamkamata kifundo cha mkono, kikaendelea kushuka. Shokapu kazi yake ni kuinua, haivuti chini, muulize fundi yeyote. Wanaume waliotoka kuswali walikuja mbio na mitaimbo wakashindwa. Tulisikia mfupa. Ndipo Sula akaanza kumwita afande, kumwomba msamaha, na kutaja mbele ya watu wote kinamasi walimomtupa, na wenzake aliokuwa nao usiku ule. Alipomaliza, kifuniko kikajiinua chenyewe. Pale palipopigwa tupa palikuwa na namba ya gari, imechorwa kwa msumari, na kila aliyekuwepo aliisoma.

Polisi walimkuta afande palepale alipopataja Sula, ndani ya mafunjo, na koti lake. Sula walimkata mkono hospitalini kabla ya kumpeleka gerezani. Shokapu nilizifungua mwenyewe nikampelekea mjane wa afande, akazizika pamoja na mumewe.

Tangu siku ile pikapu yangu haina shokapu, na kifuniko kinakaa juu. Majirani wamekijaribu, mafundi wengine wamekuja kukichungulia chini wakaondoka bila kuniaga. Nikipakia kinatulia, nikipakua kinatulia. Silali vizuri siku za Ijumaa, lakini sifungi shokapu nyingine.

Ukinunua kitu cha mtumba, kipapase kwanza. Ukikuta tupa, kiache hapohapo, hata ukibembelezwa vipi.

Na wewe uliyemuua kaka yangu, najua bado uko mji huu, na unakula harusini kama watu. Siku moja utakula nilichopika mimi. Nitakuomba, kwa adabu kabisa, unisaidie kushusha sufuria. Utakikuta kifuniko kiko wazi.