Waya Nilioufunga Juu ya Saluni ya Dada Yangu

Admin, nifiche jina, maana hapa Ifakara ukimuulizia fundi wa baridi, hata mtoto wa Katindiuka atakuleta mpaka mlangoni kwangu.

Mimi ni mwanaume wa miaka hamsini na mbili, nina mke na watoto. Shule niliishia la tano, lakini kichwa Mungu alinipa. Nimefanya kazi Dar kwenye maghorofa ambayo ukitazama juu kofia inadondoka. Kuna ofisi moja niliipoza mpaka mkurugenzi akawa anakuja na koti na soksi mbili mbili, tena Desemba. Hivyo ndivyo ninavyosimulia siku zote. Leo kwa kuwa hamnioni niseme ukweli: Dar nilikuwa nabeba yale mabomba ya bati ya kupitishia upepo, nawapandishia mafundi. Nilikuwa nabeba mawili mawili wakati wenzangu wanabeba moja, hilo si uongo.

Niliporudi Ifakara, mama mmoja alijenga ghorofa pale Mlabani, akaweka mtambo mkubwa juu ya paa unaopeleka baridi kila chumba. Ndani ya dari, juu ya kila chumba, kuna boksi lenye kilango. Chumba kikiwa na joto kilango kinafunguka chenyewe, kikipoa kinajibana, na ukutani kuna kidude cha kuchagulia ubaridi unaoutaka. Mafundi waliofunga walipoondoka, mama akauliza nani atautunza. Nikamwambia hii mitambo mimi nimeilea. Nikapata kazi. Dada yangu wa tumbo moja akakodi chumba cha saluni humo humo, kwa sababu kaka yake yupo.

Sasa mama akapata wageni wakubwa kwenye ukumbi wa juu. Nikamuahidi kwamba watu wataomba blanketi. Ukumbi ukajaa, baridi haitoshi, jasho linawatoka. Nikapanda darini na waya wa kufungia nondo, nikavifunga vilango vya vyumba vingine vyote visifunguke, upepo wote ukaenda ukumbini. Jamani, wageni walijikumbatia. Mzee mmoja alitoka anaapa kwamba mdomoni kwake kumetoka moshi. Mama akanipigapiga begani mbele ya watu.

Kesho yake nikapanda kufungua. Nimebakiza kile cha saluni, walinzi wakaniita chini niwasimulie ya jana. Nikashuka. Utamu wa maneno ukanichukua, sikupanda tena.

Dada akaanza kulalamika joto. Nilikwenda nikakibonyeza kidude cha ukutani kwa uso wa daktari, nikamwambia ni zile draya za nywele, hata Dar wanavumilia. Hakuridhika, akamwomba Shija akiangalie. Jina hilo nimembadilishia. Ni fundi umeme wa jengo, kijana wa Kisukuma, mchumba wa Tumaini, binti wa dada. Shija akakifungua, akafuta vumbi, akakirudisha. Kesho yake joto likazidi, na mchana dada, ambaye ana presha, akaanguka na kitana mkononi.

Wanambeba kumpeleka hospitali, ndipo nikakumbuka. Nilipanda darini kama nyani, nikaukata waya, upepo ukashuka saluni puu. Waliokuwa chini wakasema fundi kaweza. Nikateremka nasifiwa, waya uko mfukoni unanichoma paja.

Mama mwenye jengo akaniuliza mbele ya wote, "Shija ndiye aliyekichokonoa hiki kidude jana. Kaharibu yeye?"

Nikajibu, "Vijana wa siku hizi, mama, wana haraka."

Basi, hayo tu. Shija alifukuzwa kazi siku ile ile.

Dada alilazwa, sasa yuko nyumbani, akisimama anashika ukuta. Na Shija, badala ya kunichukia, alinifuata kwangu na dumu la maziwa mgando kutoka kwa wazazi wake kule Mkula. Akaniamkia, akaketi chini kabisa, nusu analia. "Mjomba, nisamehe. Sijui niligusa wapi. Siku moja unielekeze, nisije nikaua mtu." Nilimwambia yataisha. Maziwa nikayanywa, Mungu ananiona.

Jumapili ijayo wazee wake wanakuja na posa. Kwetu mjomba ndiye anayejibu. Baba anaweza kukubali, lakini mjomba akinyamaza, wageni wanarudi na ng'ombe wao. Dada ameniita, akaniambia, "Kaka, aliyeniangusha simtaki nyumbani kwangu. Ila mitambo unaijua wewe. Ukisema kijana hana kosa, nitampokea." Tumaini alikuwa mlangoni. Alinisindikiza mpaka njiani. "Mjomba, unisemee."

Nimewaza njia ya katikati. Niseme kijana ni mwema, tumsamehe, watu wale pilau. Kusema ninaweza, nikisimama mimi hata mawe yanasikiliza. Lakini ataingia ukoo huu akiwa mtu aliyesamehewa kwa kumwangusha mama mkwe, na kila dada akipata kizunguzungu macho yatamgeukia yeye. Nikisema kweli, kazi imekwenda, na dada ananijua mimi kama kaka aliyepoza Dar nzima. Alipokuwa hospitali aliwaambia manesi hivyo hivyo, kwa fahari, huku amefungwa dripu.

Dumu la Shija nimeliosha, liko jikoni, nashindwa kulirudisha. Mke wangu ananiuliza kwa nini silipeleki, namwambia sijapata nafasi. Waya nao nimeuficha kwenye kiatu cha zamani.

Ndugu zangu, Jumapili nitakapopewa kiti cha mjomba, nimwombee Shija msamaha, au niuweke ule waya mezani? Nishaurini. Mkinitukana mtakuwa na haki, lakini baada ya kutukana mnijibu, maana kwa mara ya kwanza katika maisha yangu sina la kusema.