Sahani Kumi na Tisa za Ukutani

Sahani zangu za Kichina ni kumi na tisa, na zote zimejengewa kwenye ukuta wa sebule. Nilizitafuta kwa miaka mingi, kuanzia Uvira hadi Kamanyola, ambako moja niliikuta uani kuku wakinywea maji. Mwenyewe alinicheka nilipomwomba aniuzie. Mimi nilikuwa nimeshayaona maua ya buluu chini ya uchafu.

Marehemu mume wangu hakutaka zikae kabatini. Hapa Bukavu ardhi hutikisika inapojisikia, na siku moja mabakuli mawili yalianguka yakavunjika. Basi akakumbuka habari za babu zake wa pwani, waliopachika sahani kama hizi kwenye kuta za nyumba zao. Akazipachika zetu moja moja, wiki nzima, akipiga mluzi. Nilimpikia vizuri wiki ile. Tulichosahau sote wawili ni kwamba wale wazee walitumia chokaa. Yeye alitumia saruji.

Sasa kilima chetu kinaporomoka. Kila mvua ikinyesha, ufa wa uani unapanuka. Jirani wa chini alishahama, baada ya choo chake kutangulia bondeni. Binti yangu alikuja kutoka Uvira, mtoto mchanga mgongoni, kunichukua nikaishi kwake. Nikamwambia nitakwenda sahani zikitoka, tukamwita fundi.

Fundi alipapasa ukuta, akaweka patasi kando ya sahani ya kwanza, akagonga. Ikapasuka vipande vitatu, navyo vikabaki vimeng'ang'ania pale pale.

"Maman, chokaa inaachiliaka," akasema. "Sima hii ya ukuta, hapana. Na nikikata matofali, hii ukuta njo inabeba manjanja."

Akakusanya vyombo vyake akaenda. Mabati, hayo manjanja yake, yalibaki juu ya ukuta ule, na sahani mahali pake ndani ya saruji.

Tukafunga vyombo vya madini: sinia za shaba, mirashi ya fedha, chetezo, birika la kahawa. Hivyo havina matata, unavizungushia kitenge unaondoka navyo. Binti yangu akavitoa nje, akasimama mlangoni kuningoja. Niliichukia nyumba ile, nikamchukia mume wangu na saruji yake, na bado miguu haikunyanyuka.

"Maman, tuende. Hizo ni masahani tu."

"Najua ni masahani."

Kisha akarudi ndani, akamfungua mtoto mgongoni, akamlaza kwenye kochi, chini ya ukuta ule.

"Basi na miye nabakia," akasema.

Nilipaswa kumfukuza. Nilipaswa kumbeba mtoto yule nimtoe nje kwa mikono yangu. Badala yake nilikwenda jikoni kubandika chai, na nilipoinama kupuliza makaa nikajikuta nafurahi, Mungu anisamehe, kwamba nimepata wa kukaa naye.