Kamera yangu na bibi wa Kwihara

Jamani, leo nimejuta kuchagua darasa la picha.

Shuleni tuliambiwa tuchague: uandishi wa habari au upigaji picha. Mimi na uvivu wangu wa kuandika, nikakimbilia kamera. Rafiki yangu Neema akachukua habari.

Leo tumeenda wote Kwihara kwa bibi yangu.
Mimi nahangaika na mwanga wa dirishani, Neema anamuuliza, "Bibi, ulipokuwa msichana ulitamani kuwa nani?"

Bibi akaacha kumenya karanga.
"Mwalimu. Baba akasema shule ni ya kaka zangu."

Nikashusha kamera. "Bibi, mbona hujawahi kuniambia?"

"Wewe uliniuliza lini?"

Picha hii hapa. Imetoka nzuri, hadi maganda ya karanga yanaonekana.

Naombeni msiisifie.