Suruali Iliyosimama Yenyewe

Wiki iliyopita, katika nyumba ya kupanga hapa Sumbawanga, jirani yangu wa mlango wa pili alipika uji wa muhogo ili atie wanga vitambaa vyake vya makochi. Harufu iliponifikia, harufu ya uji usio na sukari unaokaribia kuungua, niliacha begi nililokuwa nikifunga nikakaa kitandani. Mimi ni mtu wa safari. Nimeishi Tunduma, Songea, Tanga na Kigoma, na kila mahali nimepata jirani kisha nikamwacha. Lakini harufu ile ilinirudisha Igogo, Mwanza, kwenye nyumba yetu katikati ya mawe, na kwenye suruali ya baba iliyokuwa imesimama bila mtu ndani.

Nawaambia ninyi, kwa sababu watu wa hapa nikiwaambia wanadhani nimekunywa.

Baba yangu alikuwa koplo. Alikwenda vita vya Uganda na miguu miwili akarudi na mmoja, wakati huo mimi nikiwa bado nabebwa mgongoni. Mpaka nafika darasa la tatu sikuwahi kumwona akitoka nje ya ua wetu. Alishinda kibarazani, mguu mtupu wa suruali ameupiga fundo, akisikiliza redio na kugombana na watangazaji wa mpira. Akialikwa mahali alikuwa na sababu. Leo jua, kesho mvua, keshokutwa magongo hayapatani na mawe. Na Igogo yetu ilikuwa mawe matupu.

Waliokuja kwetu ni kina mama ambao mtaa uliwaita Mama Zamu. Walikuwa wake na wajane wa wapiganaji wa vita ile, pamoja na majirani wachache waliojiunga kwa hiari yao, wakagawana nyumba za wale waliorudi na majeraha. Hawakuwa na ofisi wala bendera. Walikuwa na zamu tu. Jumatatu alikuja Mama Kulwa, Msukuma mwenye mwili wake, ambaye mumewe alirudi masikio yameharibiwa na mizinga. Kwa kuongea na mume yule miaka yote, salamu yake ya asubuhi iliamsha mtaa wa pili. Jumatano alikuja Mama Zarina, Mhindi mwenye duka la nguo. Katika ukoo wake hapakuwa na mwanajeshi hata mmoja, lakini alisema vita vilipita na mlangoni kwake. Ijumaa ilikuwa ya Mama Nyangeta, mjane kutoka upande wa Musoma, mtu wa maneno matatu kwa siku, na mawili kati ya hayo yalikuwa salamu.

Kazi yao kwetu ilikuwa kufua. Sasa, nguo zetu zilikuwa chache kiasi kwamba mtu mwepesi angezimaliza kabla chai haijapoa. Wao walifua mpaka adhuhuri. Walisuuza, wakasuuza tena, wakaanika juu ya majabali, wakakaa wakizitazama kama watu wanaochunga mbuzi. Na ajabu, Mama Kulwa akiwa uani kwetu alinong'ona. Tukigonga ndoo alitukazia macho mpaka tukaiomba ndoo msamaha. Mama naye, siku za zamu, aliingia ndani akafunga mlango, na hatukumwona tena mpaka jua la utosini. Nilimwona mama ana bahati ya kupata wageni wanaofanya kazi.

Basi dada yangu mkubwa, Pendo, akapata mchumba, na siku ya harusi ikapangwa. Baba akasema kama tulivyotarajia: "Elikana atampeleka."

Elikana alikuwa baba yetu mdogo, mkazi wa Butimba, mtu aliyependa kuonekana. Hakungoja kuombwa mara mbili. Alinunua viatu vipya vinavyolia, akaanza kufanya mazoezi ya kutembea polepole. Dada Pendo hakulia. Alisema tu, "Kama siendi na baba, nitaingia peke yangu, kama mtu aliyechelewa ibada."

Jumatatu Mama Kulwa akamfuata baba kibarazani.

"Shemeji, nasikia harusi huendi."

"Mguu unauma."

"Upi?"

"Ule uliobaki Uganda."

"Basi uache uumie huko huko. Wewe njoo kanisani."

Baba akaongeza sauti ya redio. Lakini niliona mdomo wake ukitaka kucheka, akauzuia.

Mama Zarina alitoa kitambaa cha kijivu kwa ajili ya Kaunda suti, vazi la heshima la wanaume wote wa wakati ule. Mimi na Mama Kulwa tukakipeleka kwa fundi. Fundi akapima kwa nguo ya zamani, akaona lile fundo, akauliza kwa upole kama ashone mguu mmoja au miwili.

"Miwili," Mama Kulwa alisema, na cherehani zote zikasimama. "Tumekuomba suruali. Hatukukuomba habari za vita."

Suti ilikuja nzuri, mpya, safi kabisa. Jumatatu ya wiki ya harusi Mama Kulwa akaifua, eti itoke harufu ya dukani, akaitia wanga wa muhogo, akaianika juu ya jabali, akaipiga pasi ya mkaa. Jumatano Mama Zarina akasema ina vumbi. Akaifua kidogo, kwa juu juu, akaitia wanga wa pakiti kutoka dukani kwake, akaanika, akapiga pasi. Ijumaa Mama Nyangeta akaitazama, akasema, "Kuku kaikanyaga." Hayo yalikuwa maneno yake ya siku. Akapika muhogo wake, mzito kama wa kula na samaki, akaizamisha.

Jioni ilipokauka, suruali ilikuwa imeshika jabali. Tuliibandua kwa mwiko. Tulipoiegemeza ukutani ikasimama yenyewe, na koti tukalitundika juu yake. Ndipo baba mdogo Elikana akaingia, macho yake mabovu na miwani ameiacha mfukoni kwa ajili ya urembo.

"Shikamoo, kaka," akaiambia suti.

Suti ikanyamaza.

"Shikamoo, kaka!" Kisha akatugeukia, kaumia kweli. "Bado ana hasira na mimi? Si yeye mwenyewe aliyeniomba?"

Jumamosi asubuhi nyumba ilijaa watu. Mama alimbembeleza baba aivae tu, aone, hata kama haendi. Akaivaa chumbani. Tulisikia inakwaruza kama mtu anayevaa mabati. Akatoka kwa magongo, akakaa kitini, na mguu ule mtupu haukushuka. Ulinyooka mbele yake, mgumu, mstari wa pasi umesimama kama kisu, ukimwelekea baba mdogo Elikana kifuani.

Mama alijifunika mdomo kwa kanga. Mama Zarina alimtazama Mama Kulwa, Mama Kulwa akamtazama Mama Nyangeta, na wote watatu wakaanza kuchunguza dari. Mimi nilimtazama dada Pendo, nikajua kwamba siku yake imeharibika: sasa baba atarudi chumbani, na safari hii hatatoka tena.

Baba aliutazama mguu. Akaugonga kwa kidole. Ukalia ko! Akaugonga tena. Halafu akavuta pumzi na kuuamrisha kwa sauti ya gwaride ambayo sikuwahi kuisikia:

"Mguu sawa!"

Mguu, bila shaka, haukukataa.

Baba alicheka. Alicheka mpaka gongo moja likaanguka, mpaka machozi yakashuka, na nyumba nzima ikaangua kicheko naye. "Miaka yote," alisema akijifuta, "nilikuwa nangoja jeshi liniletee mguu. Kumbe upo kwenye sufuria ya Mama Kulwa!" Akampa Elikana redio amshikie, akamwambia Pendo, "Twende, mama. Kabla haujalainika."

Aliushuka mlima wetu jiwe kwa jiwe, dada upande mmoja, ule mguu ukitangulia kama mjumbe. Njiani manyunyu yakaja kutoka ziwani. Tulipoingia kanisani wanga ulikuwa umeanza kukubali maji, na baba alipofika mbele na dada yangu, mguu ule ukainama taratibu pale gotini, ukapiga magoti kabla ya mtu mwingine yeyote. Mchungaji aliuona. Alijifanya anatafuta ukurasa.

Kwenye sherehe, uani kwa Mama Kulwa, kuku wake walimfuata baba kila alipokwenda, wakimdonoa suruali kwa ajili ya ule muhogo. Hakuwafukuza. Tangu siku ile alianza kutoka, kwanza hadi dukani kwa Mama Zarina, baadaye mpaka ufukweni kugombana na wavuvi juu ya mpira.

Miaka mingi nimeisimulia habari hii kama kisa cha wanawake watatu wasioambiana. Wiki iliyopita, kwa harufu ya wanga wa jirani, nilifikiria kitu kingine: nani hufua suti mpya mara tatu kabla haijavaliwa?

Baba alikuwa akipiga kelele usingizini. Sisi watoto tulizoea, kama watu wa karibu na reli wanavyozoea treni. Mama hakuzoea. Alikaa macho akimshika mikono, usiku baada ya usiku. Usingizi wake aliupata Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, mlango umefungwa na mtu anayeaminika amekaa uani karibu na baba. Na mtu huyo alihitaji kisingizio cha kubaki mpaka adhuhuri, maana mama asingekubali kamwe kulala mbele ya mgeni asiye na kazi. Wiki ile ya harusi nguo chafu ziliisha. Ilibaki suti.

Nilimgongea jirani nikamwomba kitambaa kimoja nimsaidie kunyoosha. Alishangaa, kwa kuwa sikuwahi kumgongea. Ndani, mtoto wake mchanga alikuwa analia, na macho ya yule mama yalikuwa mekundu. Nikamwambia, kwa sauti ya chini kabisa, ile ya Mama Kulwa akiwa uani kwetu, kwamba vitambaa vyake vyote vinahitaji kufuliwa upya, na kwamba mimi nafua polepole sana.