Shavu la Kushoto la Shangazi

Farasi jike waliyemwita Shangazi alianza kudondosha chakula nyasi zilipokauka. Alitafuna, akatafuna, kisha madonge ya nyasi yenye mate yakamtoka mdomoni na kuanguka sakafuni, kama mgeni anayetema kwa siri mboga isiyo na chumvi.

Mwenye zizi alimtazama mbavu akasema, "Umri tu huo. Jumamosi gari la machinjio litapita."

Mwanamke aliyemtunza Shangazi aliyajua maneno hayo. Mumewe alimwambia vivyo hivyo siku alipolalamikia goti: umri tu huo. Baadaye akahamia kwa msichana mwenye magoti mapya. Alipokuwa akifunga sanduku alisema, "Narudi kesho." Miaka sita ilikuwa imepita. Majirani walimfariji kwamba jino la pembe si dawa ya pengo. Pengo lenyewe halikuwa limelalamika.

Tatizo ni kwamba mume huyo ndiye aliyekuwa fundi wa meno ya farasi, na hapo karibu hapakuwa na mwingine. Mwanamke alishinda akifagia madonge na kutafuta njia nyingine. Hakuiona. Jioni akaenda kwa fundi.

Mlango ulifunguliwa na mke mdogo. "Shikamoo, mama."

"Marahaba." Hilo la 'mama' halikuwa na haja, lakini aliliacha lipite. "Mwambie mumeo aje na tupa. Farasi ana meno mabaya."

Fundi alikuja Ijumaa, shavu moja limevimba.

"Mama watoto," alisema kwa uangalifu.

"Fundi."

Alimfunua Shangazi midomo. Meno ya mbele yalikuwa marefu, ya manjano, yameinama kama watu wanaochungulia kisima.

"Huyu kapita miaka ishirini."

"Hatukukuita umtafutie mchumba."

Mwanamke alimsukutua Shangazi kwa maji, akamtia kile chuma cha kutanua kinywa, akakaza skrubu. Fundi akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Magego ya juu yalikuwa yamelika upande mmoja tu, kingo za nje zikabaki kali na kumchana mashavu kwa ndani.

"Anatafuna wembe," alisema.

Tupa ikakereza. Unga wa meno ukanuka kama kwato iliyoungua. Shangazi aliegemeza paji la uso kifuani kwa mwanamke, akavumilia.

Upande wa kulia ulipokwisha, fundi alichomoa mkono, akaanza kuifuta tupa. "Kwa leo inatosha. Kushoto nitamalizia kesho."

Mwanamke hakuachia hatamu. "Kesho yako naijua."

"Nina kazi nyingine, bwana."

"Hata siku ile ulikuwa nayo."

Fundi akatazama mlango. Mwanamke alikuwa amesimama mbele ya mlango huo, na komeo lilikuwa limeshaingia.

"Kushoto, fundi. Kesho ndiyo Jumamosi."

Akarudisha mkono, polepole sana. Kiwiko chake kilikuwa katikati ya meno ya farasi, na skrubu ilikuwa mkononi mwa mke aliyeachwa naye.

"Usiilegeze," alisema.

"Kazi naikumbuka."

Hapo alikereza vizuri kuliko miaka yote waliyoishi pamoja. Alipomaliza alipapasa kingo kwa kidole, akaridhika. "Nimekwangua kidogo tu. Kwa umri huu jino halina tena akiba chini ya ufizi. Nyasi ngumu basi. Mlowekee pumba."

Pumba zilikuwa zimeshalowekwa kwenye ndoo. Shangazi akala taratibu, taya likienda huku na huku, na hakuna kilichoanguka. Fundi aliitazama ile ndoo muda mrefu kuliko kazi ilivyodai.

"Shavu limefanyaje?" mwanamke aliuliza.

"Gego. Usingizi sipati. Na kule nyumbani wanapenda nyama ya kuchoma."

"Fungua."

Akafungua. Mwanamke akamulika tochi. Gego lilikuwa limeoza mpaka kwenye mzizi. Daktari yeyote angeling'oa asubuhi moja na mambo yakaisha.

Alizima tochi. "Umri tu huo," alisema, akamfungulia komeo.

Jumamosi gari lilikuja. Mwenye zizi alitazama sakafu safi, akatazama ndoo tupu, akamwambia dereva aende zake. Dereva alinung'unika kuhusu safari ya bure. Mwanamke alikuwa akiloweka pumba za mchana.