Viongezo vya Skrini Kutoka Goma

Kwa siku tatu swali moja lilininyima usingizi: je, nimwambie Mama mwenye duka kwamba kompyuta yake niliiharibu mimi, au niviondoe vile viongezo nilivyoiwekea kimya kimya na kumwacha aendelee kumlaumu mwalimu mmoja, mteja wetu?

Mama huyo alitoka upande wa Butembo. Hapa Masisi aliuza saruji na sabuni, na pembeni ya duka alikuwa na chumba cha kuchapa barua. Nilipomaliza chuo alinipa kazi humo. Kompyuta niliiwekea Linux, kwa kuwa haidai leseni.

Mwezi ule barabara ya Goma ilifunguka. Kwetu barabara ikifunguka mtu hanunui anachohitaji. Ananunua chochote kinachoweza kupita kizuizi cha Mubambiro, maana hajui itafungwa tena lini. Wengine walibeba chumvi. Mimi nilikwenda Goma, nikashinda kwenye chumba cha internet nikijaza kle yangu, ile flashi ya USB, viongezo vya skrini: cha kupanga ikoni chini, cha hali ya hewa, cha kutangaza kle inapochomekwa, hata cha kufanya madirisha yayumbe kama kitambaa. Sikusoma ni vya toleo gani la Linux.

Niliporudi, vingi vilikataa. Vilitengenezwa kwa toleo jipya kuliko letu, na kurudi Goma hakukuwezekana. Mapigano yalikuwa yameanza tena upande wa Sake, kwenye barabara hiyo, na magari yamesimama. Basi nikafungua faili dogo la kila kiongezo, nikabadilisha namba ya toleo, mfumo ukakubali. Nilijiona fundi.

Kesho yake alikuja mwalimu kutoka kijiji cha Kingi kuchapisha orodha ya wanafunzi wa mtihani wa taifa. Shule yake ilikuwa imekimbia mapigano na sasa ilifundishia kanisani hapa kwetu. Alipochomeka kle yake, skrini iliganda. Tukawasha upya, akachomeka tena, ikaganda tena.

"Mwalimu, kle yako iko na virusi," Mama alisema. "Usiiingize tena mu mashini yangu."

"Mama, hii kle iko safi. Ninailindaka kuliko viatu vyangu."

"Viatu vyenyewe njo hivyo? Basi pole."

Wateja walicheka wakitazama viatu vyake vilivyochakaa, na mwalimu akacheka kidogo. Lakini orodha ilitakiwa kwa inspekta wa shule Ijumaa, na mtoto asiye kwenye orodha hafanyi mtihani.

Walipoondoka wote niliwasha kompyuta upya, nikachomeka kle yangu mwenyewe. Skrini ikaganda vilevile. Hapo nilijua: ni kile kiongezo cha kutangaza kle, nilichokilazimisha kukubalika.

Kujua hakukunisaidia. Nikikiri, Mama atasema diploma yangu ni karatasi tu. Nikiondoa kimya kimya, kompyuta itapona, lakini mwalimu atabaki amekatazwa, na kle yake itabaki na jina baya. Labda Mama atasahau. Labda mwalimu atapata mashine nyingine, ingawa hakukuwa na nyingine karibu. Nilipanga sentensi ya kukiri mara nyingi, na kila mara ilianza na "labda".

Alhamisi asubuhi mwalimu alisimama mlangoni bila kuingia. Mama akatikisa kichwa kabla hajasalimiwa.

"Mama, si kle ya Mwalimu," nikasema. "Ni mimi. Nilileta vitu kutoka Goma, mashini ikavikataa, nikabadilisha namba zao ili ivikubali."

Alinitazama. "Njo kusema ulipita na karatasi ya uongo ku barieri?"

"Njo hivyo, Mama."

"Na mwenye kufungwa akakuwa Mwalimu."

Niliketi, nikavizima viongezo vyote, nikafungua folda iliyofichwa na kuvifuta kimoja kimoja, hata kile cha ikoni ambacho Mama alikipenda. Nikatoka kwenye akaunti, nikaingia upya. Skrini ilikuwa tupu kama siku ya kwanza. Kisha nikamnyooshea mwalimu mkono na kumwomba kle yake.