Vituta Vitatu vya Muhogo

Wiki iliyopita nilijikwaa kwenye bikoni ya serikali, lile jiwe la mpaka la wapima ardhi, katikati ya shamba la marehemu bibi yangu, huko Mkata. Kidole gumba kimevimba hadi leo. Bikoni haijambo.

Wewe uliyelelewa na bibi mkulima utanielewa. Wetu alikuwa na mashamba mawili: moja likilimwa, jingine likipumzishwa miaka kadhaa, liote nyasi na vichaka. Kwenye lililopumzika tuliokota kuni, tukachuma mchunga, mboga chungu kuliko dawa ya malaria, ambayo bibi aliiunga kwa karanga tukala bila kulalamika. Kanga walipiga kelele humo asubuhi nzima. Siku moja, nikiwa na kijembe kipya na akili haba, nikainua humo vituta vitatu nikapanda muhogo. Bibi aling'oa miche yote, akanichapa kwa mmojawapo. "Kilichochoka hakitumwi," alisema, ingawa mimi nilitumwa kuni jioni ileile.

Mwaka jana serikali ilitaka eneo la mradi. Afisa ardhi akapita, akaona vichaka, akaandika: pori. Pori halina mwenyewe, kwa hiyo likachukuliwa. Shangazi, aliyerithi mashamba yote mawili, akaniita mimi, msomi wa ukoo. Nikaandika pingamizi la kurasa nne, lenye "ilhali" saba. Afisa alisoma nusu ukurasa.

"Mzee, ungekuwa na hata vituta vitatu vya muhogo pale, ningeandika shamba."

"Linapumzika, mwanangu," shangazi akamwambia. "Nyie Jumapili si mnafunga ofisi? Tukija tukagawana viti, mtasema sawa?"

Watu kwenye benchi waliangua kicheko. Afisa hakucheka. Aligonga muhuri: pingamizi limekataliwa.

Shangazi amebaki na lile shamba moja, nalo limechoka. Hathubutu kulipumzisha. Amepanda muhogo mpaka kwenye kizingiti cha mlango, nami nilimsaidia, mgongo ukiniuma kama wa mtu aliyezaliwa na kompyuta. Muhogo wenyewe umetoka mwembamba kama kalamu. Kanga wamehama. Mchunga tunanunua barabarani, kutoka kwa watu ambao bado hawajatembelewa na afisa.

Bibi angekuwepo, angeng'oa miche yote, kisha angetafuta wa kumchapa. Safari hii ningemwelekeza ofisi ilipo.